Kabla hujalipia bunduki, soma kaliba yake na ujue leseni itasemaje

Wakuu, hasa mlioko Chemba, Kondoa na Manyoni huko ambako fisi anaingia mpaka zizini, naona kila mtu akitaka bunduki anauliza ipi kali. Anza na kaliba, maana ndo inaandikwa kwenye leseni na ndo inaamua risasi gani unaruhusiwa kukaa nazo ndani.

Kaliba ni upana wa tundu la mtutu. Wengine wanapima kwa milimita, Wamarekani na Waingereza kwa inchi, kwa hiyo .30 ya inchi ni 7.62 ya milimita, kitu kile kile. Sasa watu wanapopotea ni kudhani upana ndo nguvu. Chukua risasi mbili, .22 LR (LR ni "Long Rifle", jina tu la risasi hiyo) na .223, ukizilaza mezani vichwa vyake vinakaribiana unene kabisa, ila ganda la .22 LR lina milimita 15 na kidogo wakati la .223 linakaribia 45, baruti ni nyingi mno na nguvu inazidi karibu mara kumi. Ndo maana lazima usome jina lote. Ukiona 7.62x39 na 7.62x51, namba ya nyuma ni urefu wa ganda, na hizo haziingiliani hata kidogo.

Shotgani ndo imekaa kinyume. Yenyewe inahesabiwa kwa geji, yaani vidonge vingapi vya risasi ya madini vinavyoenea mtutu huo vitatimiza ratili moja (gramu 454), kwa hiyo geji 20 ni nyembamba kuliko geji 12. Hapa naomba msikilize vizuri: risasi ya geji 20 ukiitia kwenye mtutu wa geji 12 inateleza mpaka mbele kidogo inakwama, wewe ukichungulia unaona chemba (pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa) ni tupu, unaweka ya 12, unafyatua, mtutu unapasuka karibu na mkono wako wa kushoto. Ndo sababu viwanda vingi vinatengeneza geji 20 kwa ganda la njano. Usichanganye mfuko mmoja, kamwe.

Tukija kwenye sheria, ya kwetu ya udhibiti wa silaha na risasi ni ya 2015, na inaangalia aina ya silaha kwanza. Inayomimina mfululizo raia haruhusiwi, kaliba iwe ndogo vipi. Gobore la kuchongesha kwa fundi wa kijijini nalo ni silaha, usidanganywe na mtu. Kwenye uwindaji ndo kaliba inasimama yenyewe: ukienda pori la akiba la Rungwa kuwinda nyati huruhusiwi kushuka chini ya .375, na mimi naona ni sawa kabisa, nyati aliyejeruhiwa na risasi ndogo anakuja kuua mchunga ng'ombe asiye na habari.

Nchi zingine wana mipaka yao, Marekani mtutu ukizidi nusu inchi unaingia kundi wanaloliita "destructive device" (kifaa cha uharibifu) isipokuwa shotgani za michezo, Uingereza raifo za kujipakia zenyewe walizipiga marufuku 1988 wakabakiza za .22 tu. Usichukue ushauri wa video za huko ukauleta Dodoma.

Kwa hiyo fanya hivi, amua kazi kwanza (kulinda mifugo shotgani inatosha), anzia serikali ya mtaa au kijiji, kisha polisi wilaya na kamati ya usalama, na kabla hujatoa hela soma maandishi yaliyogongwa kwenye mtutu ulinganishe na karatasi, herufi kwa herufi.

Na bunduki ya marehemu baba hairithiwi na leseni yake. Ipelekeni polisi ikatunzwe huko wakati mnaomba ya jina jipya, na pekueni sanduku lake vizuri, maana risasi za kaliba ambayo haipo kwenye leseni yenu ni kosa hata kama bunduki yake haipo.