Namna ya Kupima Uhuru wa Kiutawala wa Tume ya Walimu

Anayetaka kujua kama TSC, tume inayoajiri walimu wa shule za umma nchini Kenya, inajitegemea kiutawala, aanze na fedha wala si hotuba. Kifungu cha 249 cha Katiba ya 2010 kinasema tume haiko chini ya maelekezo ya mtu yeyote, na kwamba bajeti yake iwe fungu la peke yake. Basi fungua makadirio ya serikali ukaone kama fungu hilo limetenganishwa na la wizara. Kisha soma Kifungu cha 250: makamishna huhudumu muhula mmoja wa miaka 6, hivyo hawana sababu ya kumbembeleza aliyewateua. Kipimo kigumu zaidi, kwa maoni yangu, ni uhamisho, ambao Kifungu cha 237 kimeukabidhi kwa tume: chunguza barua ya mwalimu imetoka ofisi gani, na ni nani aliyeishinikiza.