Kabla ya kuwaingiza wanafunzi maabara: mambo ya kuweka sawa

Kipindi cha vitendo huharibika mapema, mlango ukiwa bado umefungwa. Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, haya yamalize kabla kengele haijalia.

Lifanye jaribio mwenyewe kwanza. Kulisoma hakutoshi. Tumia kemikali zilezile na vifaa vilevile watakavyovishika wao, maana iodini, ile inayopima wanga kwenye jani, ikiachwa kwenye chupa isiyo na rangi karibu na dirisha hupoteza nguvu, nawe utaaibika mbele ya darasa zima ukisubiri jani ligeuke buluu iliyokolea. Na kama unataka kuonyesha kwamba bila mwanga jani halitengenezi wanga, mmea uwe gizani siku mbili kabla. Ukikumbuka asubuhi ya kipindi, badilisha somo.

Miwani ya kinga kwa kila mtu, wewe ukiwemo. Nywele zifungwe. Viatu vifunike vidole. Pipeti hainyonywi kwa mdomo, na hakuna kula humo ndani.

Asidi kali izimue wewe, peke yako, mapema. Asidi ndiyo humiminwa kwenye maji, kidogo kidogo huku unakoroga. Ukigeuza, joto linachemsha yale maji machache na kukurushia asidi usoni. Watu huiogopa asidi wakaisahau haidroksaidi ya sodiamu, alkali kali, ambayo ikiingia jichoni hupenya haraka kuliko asidi nyingi. Dawa ya kwanza ni maji yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, huku usafiri wa hospitali unatafutwa. Basi fungua bomba uone kwa macho yako kama maji yanatoka.

Sasa spiriti, yaani ethanoli. Hapa tukae kidogo.

Nilikuwa chumba cha jirani, mwenzangu akifundisha upimaji wa wanga. Taa ya spiriti ya kundi moja ilionekana imezimika, naye akachukua chupa kubwa ya ethanoli aiongezee. Kumbe ilikuwa inawaka. Mwali wa ethanoli ni wa buluu hafifu, na kwenye mwanga wa mchana unaweza usiuone kabisa. Moto ulipanda kwenye mvuke hadi ndani ya chupa, na chupa ikautema mbele, kwa mtoto aliyekuwa upande wa pili wa meza anasubiri zamu yake. Mwalimu aliungua vidole tu. Mtoto alishika moto kifuani. Blanketi la kuzimia moto lilikuwepo, kabatini, na kabati lilikuwa na kufuli. Alizimwa kwa koti la mwenzake. Mara akatokea mtu na dawa ya meno ya kupaka. Tukamfukuza, tukamweka mtoto chini ya bomba la maji baridi dakika 20. Alipona, ila shingoni alama ipo mpaka leo.

Si ajali ya ajabu. Mwaka 2014 bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilitoa tahadhari baada ya wanafunzi kuungua kwenye maonyesho ya methanoli, ndugu yake ethanoli, na moja ya mambo iliyosisitiza ni hilihili: chombo kikubwa cha kimiminika kinachoshika moto kisikae karibu na onyesho. Mvuke wa ethanoli hushika moto hata kwenye joto la kawaida la chumba, tena ni mzito kuliko hewa, hutambaa juu ya meza ukautafuta mwali wa kundi jingine.

Kwa hiyo chupa kubwa ibaki stoo. Kila kundi lipewe mililita chache. Taa haijazwi wakati wa kipindi: ikiisha, leta nyingine iliyokwisha kujazwa. Na kuitoa rangi ya kijani kwenye jani kwa spiriti huhitaji mwali kabisa, kwani ethanoli huchemka kwa nyuzi 78. Chemsha maji, zima moto wote chumbani, wote kabisa, ndipo ulete spiriti. Testi tyubu yenye jani isimamishwe ndani ya bika la maji hayo ya moto. Spiriti itageuka kijani, jani litapauka na kukakamaa. Lichovye kwenye maji ya vuguvugu lilainike kabla ya kudondoshea iodini, la sivyo litavunjika mikononi mwa mwanafunzi.

Mengine ni ya kawaida, ila huumiza vilevile. Kioo cha moto na cha baridi hufanana, kwa hiyo tenga sehemu ya kuwekea vilivyotoka motoni. Kipimajoto cha zebaki kiondoe, tumia cha spiriti. Kila chupa iwe na jina. Nyuma ya mlango wa pili pasirundikwe madawati. Gesi ifungwe kwenye valvu kuu, usiridhike na koki ya mezani. Mikono ioshwe. Nyembe zihesabiwe zikitoka na zikirudi, na ukikosekana mmoja hakuna anayetoka.