Somo: Gari la umeme Uingereza, ukodi mwenyewe au ukatwe mshahara kabla ya kodi?

Somo hili ni la aliyeajiriwa Uingereza, ambaye kazini wametangaza kwamba anaweza kupata gari la umeme kwa kukatwa mshahara, na pembeni ameona bei ya kampuni ya kukodisha magari inayoonekana nafuu zaidi. Bei hizo mbili hazipimwi kwa kipimo kimoja, na kuzilinganisha zilivyo ndiko kunakoumiza watu.

Ukikodi mwenyewe (matangazo yanaita PCH, yaani personal contract hire), mkataba ni wako na kampuni. Unalipa kwa pesa iliyokwisha katwa kodi, kwa kawaida miaka 2 hadi 4, kisha unarudisha gari. Mpango wa kazini, ule ambao fomu zinauita salary sacrifice, ni kitu kingine: anayekodi ni mwajiri, na wewe unakubali mshahara wa mkataba wako ushuke, upewe gari badala yake. Kisheria mshahara umeshuka kweli. Shika hilo, maana faida zote na hasara zote za mpango huu zinachipukia hapo.

Hatua ya 1: Jua kama unaruhusiwa

Makato hayaruhusiwi kukushusha chini ya kima cha chini cha mshahara. Kuanzia Aprili 2026 kima hicho ni pauni 12.71 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na zaidi. Kwa saa 37.5 kwa wiki, hiyo ni kama pauni 24,785 kwa mwaka. Ukipata 26,000, nafasi uliyonayo ni pauni 101 tu kwa mwezi, na hakuna gari la bei hiyo. Ili ukatwe pauni 520 kwa mwezi unahitaji mshahara usiopungua 31,025. Walezi wengi wa majumbani hukwama hapa, na wakikwama siyo kwamba HR anawabania.

Aliye kwenye viza ya kazi asisaini chochote kabla HR hajamthibitishia kwa maandishi kwamba mshahara utakaobaki hauvunji masharti ya viza. Jibu la mdomo la meneja wa zamu halitoshi.

Hatua ya 2: Sawazisha kilichomo ndani ya bei

Bei ya mpango wa kazini mara nyingi imebeba kila kitu: gari, bima, sevisi, matairi, huduma ya kuharibikiwa njiani, na haina kianzio. Bei ya kukodi mwenyewe ni gari tupu na kodi ya barabara, na tangazo huficha kianzio kwa maandishi madogo. Ukiona 9+35, maana yake unalipa miezi 9 kwa mkupuo, kisha malipo 35.

Chukua mfano huu, kwa gari lenye bei ya orodha ya pauni 36,000, miaka 3, maili 8,000 kwa mwaka:

Kukodi mwenyewe kumetangazwa pauni 310, kwa 9+35. Malipo yote ni 44, yaani 13,640. Gawa kwa miezi 36: pauni 379, siyo 310. Ongeza bima 75, sevisi na matairi 25. Umefika 479.

Mpango wa kazini umetangazwa 520 kabla ya kodi, kila kitu ndani.

Hizi ni bei za mfano, weka zako. Ila usiruke kugawa kwa 36, maana kianzio ndicho kinachofanya tangazo livutie.

Hatua ya 3: Hesabu ya kodi

Kwa anayelipa kodi ya asilimia 20, kila pauni inayokatwa inamwokolea peni 28: 20 za kodi na 8 za Bima ya Taifa (NI). Kwa hiyo 520 inamgharimu 374.40. Wa asilimia 40 anaokoa peni 42, na 520 yake inakuwa 301.60. Scotland wana ngazi zao za kodi. Tumia za huko.

Halafu inakuja kodi ya marupurupu, ambayo wengi huisahau. Serikali inahesabu asilimia fulani ya bei ya orodha kama pato lako. Kwa gari la umeme ni asilimia 4 mwaka wa kodi 2026/27, asilimia 5 mwaka 2027/28, kisha inaruka hadi 7 mwaka 2028/29 na 9 mwaka 2029/30. Kwa gari letu la 36,000, wa asilimia 20 atalipa pauni 24 kwa mwezi mwaka wa kwanza, 30 wa pili, 42 wa tatu. Wa asilimia 40 ni mara mbili: 48, 60, 84.

Ukichukua wastani wa miaka mitatu, wa asilimia 20 analipa kama 406 kwa mwezi, na wa asilimia 40 kama 366. Mkodi binafsi yuko 479. Mpango wa kazini umeshinda, lakini kwa wa asilimia 20 ushindi ni pauni 73 tu, na hatua mbili zinazofuata zinaweza kuzimeza zote.

Angalia pia bei ya orodha inayotumika. Ni bei kamili ya kiwandani pamoja na VAT na nyongeza ulizochagua, hata kama kampuni imepata punguzo kubwa. Rimu kubwa na paa la kioo vinakutoza kodi kila mwezi.

Hatua ya 4: Pensheni

Hapa ndipo inapouma. Kwa mfanyakazi wa NHS (huduma ya afya ya taifa), mshahara ukishuka, mshahara unaohesabiwa pensheni nao unashuka. Mfumo wa pensheni wa NHS wa 2015 unakuwekea sehemu 1 ya 54 ya mshahara wa kila mwaka. Makato ya 520 kwa mwezi ni 6,240 kwa mwaka. Gawa kwa 54, unapoteza pauni 115.56 za pensheni. Kwa miaka 3 ni kama pauni 347 pungufu kila mwaka tangu ustaafu hadi ufe, kabla ya nyongeza za mfumuko wa bei. Ukiishi miaka 20 baada ya kustaafu ni karibu pauni 6,900, wakati ulichookoa kwenye gari ni 73 mara 36, yaani 2,628.

Michango yako ya pensheni nayo inapungua, kwa hiyo siyo hasara tupu. Lakini baadhi ya bei za kazini huhesabu kupungua kwa michango hiyo kama "akiba" na kukuonyesha gari ni rahisi zaidi. Omba mchanganuo mstari kwa mstari: kodi iliyookolewa, NI iliyookolewa, pensheni iliyookolewa. Huo wa tatu ufute kwa kalamu, kisha ujumlishe upya.

Kwenye kampuni binafsi, uliza swali moja: "Pensheni yangu itahesabiwa kwa mshahara wa kabla ya makato au wa baada?" Waajiri wengi hutumia wa kabla, na ikiwa hivyo hatua hii haikuhusu.

Hatua ya 5: Maili za kazi

Anayetembelea wagonjwa majumbani asome hapa mara mbili. Gari ulilokodi mwenyewe huhesabiwa kama lako, na mwajiri anaweza kukulipa hadi peni 45 kwa maili kwa maili 10,000 za kwanza bila kodi. Gari la mpango wa kazini ni gari la kampuni. Hapo kuna kiwango cha umeme tu, ambacho HMRC (mamlaka ya kodi) hukipitia kila miezi 3 na kwa umeme wa nyumbani kimekuwa chini ya peni 10.

Maili 5,000 za kazi kwa peni 45 ni pauni 2,250. Kwa peni 8 ni 400. Tofauti ni 1,850 kwa mwaka, yaani 154 kwa mwezi. Ile faida ya 73 imekwisha, na mkodi binafsi amepita mbele. Mwajiri akilipa chini ya peni 45, unaweza kudai nafuu ya kodi kwa pengo lililobaki, ila ni nafuu ya kodi tu, siyo pengo zima. Na bima ya mkodi binafsi lazima itaje matumizi ya kazi.

Hatua ya 6: Soma kifungu cha kuondoka kabla ya kuchagua rangi

Kukodi mwenyewe: kuvunja mkataba mapema mara nyingi hugharimu nusu ya malipo yaliyobaki, wakati mwingine zaidi. Ila ukibadili kazi, gari linabaki kwako.

Mpango wa kazini: ukiacha kazi, gari linarudi. Mipango mingi ina bima ya hali hiyo, lakini haianzi siku ya kwanza. Uliza inaanza mwezi wa ngapi, na kama inahusu kujiuzulu au kupunguzwa kazi peke yake.

Gari likishafika

Tazama slipu yako ya kwanza. Mshahara wa kabla ya kodi uwe umepungua kwa kiasi cha makato, na msimbo wa kodi (tax code) uwe umeshuka kwa sababu ya marupurupu, au kodi hiyo ionekane moja kwa moja kwenye slipu. Msimbo usiposhuka, usifurahi. HMRC watakudai baadaye kwa pamoja. Ingia kwenye akaunti yako ya kodi uripoti gari mwenyewe.

Maswali ya wanachama

*Swali: Mwalimu, mimi ni nesi na natarajia kujifungua mwezi wa tisa. Nichukue gari sasa au nisubiri?*

Hongera dada. Subiri. Malipo ya kisheria ya uzazi hupimwa kwa wastani wa mshahara wa kama wiki 8 zinazoishia wiki ya 15 kabla ya wiki ya kujifungua, na makato yakiingia humo yanashusha malipo ya wiki 6 za mwanzo, ambazo ni asilimia 90 ya wastani huo. Tena mwajiri hawezi kukata gari kwenye malipo hayo ya kisheria. Uliza nani atalilipia wakati huo.

*Swali: Kaka, napata 104,000 na mtoto yuko nasari. Inasaidia?*

Sana. Ukizidi 100,000 unapoteza zile saa za bure za malezi ya mtoto wanazopewa wazazi wanaofanya kazi. Toa 6,240, ongeza marupurupu 1,440, unabaki 99,200. Lakini mwaka wa tatu marupurupu ni 2,520 na unafika 100,280, hata mshahara usipopanda. Mwaka huo ongeza mchango wa pensheni mapema, kabla ya tarehe 5 Aprili.

*Swali: Leseni yangu ni ya Tanzania. Nitapewa gari?*

Ukishakuwa mkazi unaiendeshea miezi 12 tu, na haibadilishwi moja kwa moja. Ya Kenya vilevile. Ni mtihani wa Uingereza. Ya Falme za Kiarabu hubadilishwa. Usisaini mkataba wa miaka 3 ukiwa na leseni ya miezi iliyobaki.

*Swali: Jioni nataka kubeba abiria kwa programu ya simu. Inaruhusiwa?*

Hapana, kwa kawaida mikataba yote miwili inakataza kubeba abiria kwa malipo, na ukipata ajali bima inaweza kukataa kulipa. Kwa kazi hiyo kuna kampuni zinazokodisha magari yenye leseni ya teksi.

*Swali: Naishi ghorofani, sina pa kuchajia.*

Basi hesabu umeme upya kabla ya yote. Wa nyumbani una VAT ya asilimia 5, wa barabarani 20, na bei yenyewe ya barabarani huwa mara kadhaa ya ile ya usiku nyumbani.

*Swali: Wakati wa kurudisha wanakagua nini?*

Wengi hufuata mwongozo wa uchakavu wa BVRLA, chama cha kampuni za kukodisha magari. Mikwaruzo isiyozidi milimita 25 ambayo haijafika kwenye rangi ya chini hukubalika. Piga magoti kwenye kila rimu: mikwaruzo ya kingo za barabara ikizidi milimita 50 kwa jumla, unatozwa. Rudisha funguo zote mbili na nyaya za kuchajia zote, pamoja na ule wa ziada unaokaa chini ya sakafu ya buti. Piga picha kila upande mchana, gari likiwa limeoshwa na kukauka, kabla dereva wao hajalichukua.