Vipele baada ya upasuaji: anza kwa kuhesabu siku

Mtu akirudi nyumbani kutoka upasuaji, ngozi ikaanza kumwasha siku kadhaa baadaye, husikia: "Ni ile nusukaputi." Mara nyingi sivyo. Mzio wa dawa za nusukaputi zenyewe, hasa za kulegeza misuli, kwa kawaida huzuka dakika chache baada ya sindano, mgonjwa akiwa bado mezani. Ule unaochelewa hutokana zaidi na antibiotiki, dawa za maumivu, plasta au dawa ya kusafishia ngozi.

Hesabu siku tangu dozi ya kwanza ya kila dawa, si tangu uliporuhusiwa. Vipele vya kawaida vya dawa hutokea siku ya 4 hadi ya 14. Kama mwili uliwahi kuikataa dawa hiyo, siku 1 au 2 zinatosha.

Kisha tazama umbo. Mraba unaowasha palipobandikwa plasta, lawama ni ya plasta. Mchirizi ulioshuka ubavuni hadi mgongoni huelekeza kwenye dawa ya kusafishia iliyotiririka. Vipele vilivyoanza kifuani vikaenea pande zote mbili, shuku dawa uliyomeza au kudungwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha: simama dirishani, mwanga upige kwa ubavu, upitishe vidole polepole. Utavihisi kabla hujaviona.

Vipele vikiwasha tu, mpigie aliyekupasua siku hiyohiyo akubadilishie dawa. Ukiacha antibiotiki kimyakimya, kidonda kinaweza kuoza. Lakini ukiona homa, uso kuvimba, macho mekundu, vidonda mdomoni au sehemu za siri, malengelenge, au ngozi inayouma na kuchubuka, usimeze kidonge kingine. Nenda hospitali ya rufaa sasa, hata kama ni usiku, na ubebe dawa zote na maboksi yake. Kupumua kukiwa kwa shida, ni dharura ya dakika.

Lile daftari la shule tunalobeba kliniki hapa Uganda ndilo litakalokulinda mbeleni. Andika jina halisi la dawa, lile la herufi ndogo chini ya jina la biashara. Mwombe daktari atume taarifa kwa Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA. Vipimo vya ngozi vya kujua ni dawa ipi husubiri angalau wiki 4 baada ya vipele kuisha.

"Mzio wa sindano" haimsaidii mtaalamu wa nusukaputi. Andika hivi, kwa kalamu ya wino, jalada la mbele: "Ceftriaxone, vipele mwili mzima, siku ya 6, bila vidonda mdomoni."