SOMO: Modemu mbili kwenye dishi moja la VSAT (intaneti ya setilaiti), ya akiba ishike kweli ya kwanza ikifa

Swali la jinsi ya kufunga modemu ya akiba nimelijibu kwa simu mara nne wiki hii, kila mara kuanzia mwanzo. Sasa naliandika hapa, anayeuliza aletwe hapa. Nazungumzia dishi linalotazama setilaiti iliyotulia juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, kama yale ya vituo vya mbali hapa Uganda: Karamoja, West Nile na visiwa vya Ssese.

1. Modemu ya pili iwe aina ile ile, na programu ya toleo lile lile.

2. Mwambie mtoa huduma aisajili kwa namba yake kwenye kituo chake kikuu. Bila hivyo itawaka taa lakini haitaingia hewani.

3. Kila modemu iwe na umeme wake. Moja kwenye UPS, nyingine kwenye betri za sola.

4. Upande wa kupokea. Hapa msome polepole, maana hapa ndipo nilipoharibu.

LNB, kile kifaa cha kwenye dishi kinachopokea mawimbi, haina umeme wake. Inalishwa na modemu kupitia kebo ile ile inayoleta mawimbi. Kwenye kituo kimoja cha afya nilitumia splita (kigawa kebo) ya kawaida: tundu moja linapitisha umeme, la pili linauzuia ili modemu mbili zisilishane. Nilijaribu kwa kuchomoa kebo ya mtandao ya modemu kuu, ya akiba ikashika, nikafunga vifaa nikaondoka. Miezi miwili baadaye radi ikaua modemu kuu kwenye kituo hicho cha afya. Ya akiba ilikuwa inawaka vizuri kabisa, haipokei chochote. Nilirudi safari nzima, nikapanda kwenye dishi, nikafungua konekta ya LNB, nikaweka mita kati ya ncha na ganda: volti 0.0. Modemu iliyokufa ndiyo iliyokuwa inailisha LNB, na ya akiba nilikuwa nimeizibia mwenyewe. Siku tatu kituo hakikuweza kutuma taarifa za wagonjwa. Bado inaniuma.

Kwa hiyo: nunua splita yenye dayodi, inayopitisha umeme kutoka pande zote mbili bila kuurudisha, au ilishe LNB kwa umeme wa pembeni. ZIMA modemu zote kabla ya kugusa konekta. Kebo ya BUC, kile kifaa cha kwenye dishi kinachorusha mawimbi, mara nyingi hubeba volti 24, na cheche moja inatosha kuunguza modemu.

5. Upande wa kurusha usitumie splita. Weka swichi ya rilei (inayojigeuza kwa umeme), modemu moja tu ifike kwenye BUC. Ya akiba iwe imezimwa kurusha hadi zamu yake. Zikirusha zote mbili mtaharibia watu wengine kwenye setilaiti, na mtoa huduma atawafungia.

6. Ruta ipime njia kwa kutuma ping (ujumbe mfupi wa majaribio) kwa anwani ya mbali na kusubiri jibu, siyo kuangalia taa ya modemu.

7. Jaribio: chomoa plagi ya umeme ya modemu kuu. Plagi, siyo kebo ya mtandao.

MASWALI

Mkazi wa Gulu: Sijasoma yote. Mvua ikinyesha intaneti inakatika, nikiweka modemu ya pili itaacha?

Mwandishi: Hapana. Dishi ni lile lile na mvua ni ile ile.

Mkazi wa Gulu: Fundi wangu amesema itaacha.

Mwandishi: Amekosea. Mvua nzito inadhoofisha mawimbi ya setilaiti ya masafa yaitwayo Ku, na ya Ka zaidi, kabla hayajafika kwenye kebo. Soma somo.

Binti Arua: Mwalimu, asante sana. Kwa nini zisirushe zote mbili kwa masafa tofauti, tupate kasi mara mbili?

Mwandishi: Dada, swali zuri. BUC nyingi hupokea kutoka kwa modemu mpigo wa megahezi 10 wa kujirekebishia masafa. Mipigo miwili haiwi sawa kabisa, kwa hiyo BUC inayumba. Pia mawimbi mawili yakigawana nguvu ya BUC moja, itabidi uyapunguze yote, la sivyo yatazaa mawimbi ya takataka pembeni. Na kila masafa yanalipiwa. Ukitaka nikuchoree mpangilio wa rilei, niandikie.

Mvuvi Kalangala: Kwetu kila Septemba inakatika dakika chache mchana, siku kadhaa mfululizo, saa ile ile. Inahamia ya akiba, inarudi, inahama tena.

Mwandishi: Hilo ni jua, kaka. Linapita nyuma ya setilaiti na kelele zake za redio zinafunika mawimbi. Sisi tulio karibu na ikweta linatupata karibu na Machi 20 na Septemba 22. Iambie swichi isubiri dakika tano kabla ya kuhama, na ikishahama isirudi yenyewe.

Binti Arua: Na mimi niongeze: angalieni mdomo wa fidi, lile bomba la mbele ya dishi linalopitisha mawimbi. Kwetu plastiki yake ilipasuka, nyigu wakajenga ndani, tukabadilisha modemu bure.

Mwandishi: Kweli kabisa. Ukiwa juu huko, zungushia konekta tepu ya mpira inayojishika, kuanzia chini kwenda juu, maji yateremke nje ya mikunjo.