Jinsi ya kuomba msamaha wa ushuru wa gari la mtu mwenye ulemavu ukiwa Mtwara au Lindi

Kaka yangu alikatwa mguu wa kulia chini ya goti baada ya ajali ya bodaboda. Anakaa Masasi, anafundisha upande wa Ndanda, na kwa miaka miwili nauli ilikuwa inakula mshahara wake asubuhi na jioni. Msimu mmoja korosho zilipolipa vizuri, ukoo ukachanga tumwagizie gari. Faili lake nililibeba mimi. Naandika ili anayeanza leo, awe Newala, Liwale au Kilwa Kivinje, asirudishwe njiani kwa makosa yaliyoturudisha sisi.

Kwanza uelewe unaomba nini

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kwenye Jedwali la Tano, inasamehe ushuru wa forodha kwa vifaa vilivyobuniwa mahsusi kwa matumizi ya watu wenye ulemavu, likiwemo gari moja. Shika maneno mawili hapo: "mahsusi" na "moja". Gari la kawaida lenye gia otomatiki, hata kama ndilo pekee unaloweza kuliendesha, halijabuniwa mahsusi kwa ajili yako. Na ukishapata msamaha wa gari, hupati mwingine mpaka ipite miaka 4.

Jambo la pili, ambalo watu wengi huligundua gari likiwa tayari bandarini: msamaha huu ni wa ushuru wa forodha, ule wa asilimia 25. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT), asilimia 18, ina sheria yake, na ushuru wa bidhaa una sheria yake pia. Mtu akikuambia "gari la mlemavu halilipiwi kodi", muulize kodi ipi.

Tupige hesabu. Chukua gari la injini ya cc 1500, ambalo thamani yake pamoja na bima na usafiri hadi bandarini ni shilingi 10,000,000. Bila msamaha, ushuru wa forodha ni 2,500,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 juu ya jumla ya thamani na ushuru huo ni 625,000. Kisha VAT juu ya vyote hivyo ni 2,362,500. Jumla 5,487,500. Ukiwa na msamaha wa forodha, ushuru wa bidhaa unashuka hadi 500,000 na VAT hadi 1,890,000, jumla 2,390,000. Umeokoa zaidi ya milioni 3, lakini bado milioni 2 na ushee utazitoa mfukoni, na hapo nimeacha tozo ndogondogo na usajili. Gari likizidi miaka 8 tangu litengenezwe, ongeza ushuru wa uchakavu. Thamani yenyewe usiichukue kwenye risiti ya muuzaji. Mamlaka ya Mapato (TRA) wana kikokotoo chao kwenye tovuti, na hicho ndicho cha kutazama kabla hamjaanza kuchangishana.

Barua ya daktari

Hapa ndipo tulipopoteza wiki tatu. Hospitali ya kwanza tuliyokwenda ilitupa karatasi yenye muhuri mzuri na mstari mmoja: "Aliyetajwa hapo juu ana ulemavu wa kudumu." Kweli tupu, lakini haisemi lolote kuhusu gari. Anayesoma faili Dar es Salaam hamwoni kaka yangu akishuka ngazi na magongo. Anaona karatasi tu.

Tulirudi kwa daktari mwingine, tukamweleza barua inakwenda wapi. Akaandika hivi: mguu wa kulia umekatwa chini ya goti, mgonjwa hawezi kukanyaga breki wala mafuta kwa mguu huo, mguu wa kushoto na mikono yote ni mizima, anamudu kuendesha gari lenye gia otomatiki lililofungwa pedali ya mafuta upande wa kushoto. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayounganisha mwili wa mtu na gari linaloombwa. Omba iandikwe. Kama mwenye ulemavu hataendesha mwenyewe, daktari aseme anahitaji nini ili apande: lifti ya kiti mwendo, kiti kinachozunguka na kushuka nje, au sakafu ya mteremko.

Kwa Mtwara tulikwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula. Aliye Lindi anayo Sokoine.

Ustawi wa jamii

Hatua hii ni fupi. Nenda halmashauri yako ukamwone afisa ustawi wa jamii na barua ya daktari, kitambulisho cha taifa na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Atakuandikia utambulisho. Sisi tuliongeza na barua ya chama cha watu wenye ulemavu. Hakuna aliyetudai, ila naamini ilisaidia. Namba ya mlipakodi kama huna, itafute mapema. Inatolewa bure kwa kutumia namba ya NIDA.

Gari lenyewe

Usinunue gari yadi halafu uende kuomba. Gari la yadi limeshaingia nchini na kodi yake imeshalipwa. Pia usiagize gari la kawaida kwa mpango wa kulifunga vifaa gereji ya Mtwara mjini, kwa sababu siku linakaguliwa bandarini litakuwa gari kama magari mengine. Vifaa viwe vimefungwa kabla halijapanda meli.

Japani wanatengeneza magari ya namna hii tangu kiwandani. Toyota huyaita Welcab, na jina hilo ukiliandika kwenye tovuti za wauzaji utaona Raum, Porte, Sienta na Noah zenye viti vya kushuka au mteremko nyuma. Kama mnataka breki na mafuta ya mkono, au pedali ya kushoto kama ya kaka, muuzaji afunge huko na aandike hivyo.

Mwambie aandike wapi? Kwenye profoma, yaani ankara ya awali kabla hujalipa, na kwenye ankara ya mwisho. Profoma yetu ya kwanza ilisema jina la gari, mwaka na rangi, basi. Tukaikataa. Ya pili ikataja pedali kwa jina lake, na picha nne zikaambatana nayo: usukani, pedali kwa karibu, mlango ukiwa wazi, na namba ya chesesi. Namba hiyo ifanane kwenye kila karatasi. Ikipishana tarakimu moja utaanza upya.

Barua ya maombi

Iandike ukiwa na profoma mkononi, kabla gari halijasafiri. Sisi tuliipeleka ofisi ya TRA ya mkoa, Mtwara, nakala mbili, moja tukagongewa muhuri wa kupokelewa. Hiyo yenye muhuri ndiyo silaha yako ya kufuatilia. Mwili wake ulikuwa hivi:

Kamishna wa Forodha,
Mamlaka ya Mapato Tanzania.
K.K.: Meneja wa TRA, Mkoa wa Mtwara.

YAH: MAOMBI YA MSAMAHA WA USHURU WA FORODHA KWA GARI LA MTU MWENYE ULEMAVU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu, mkazi wa Masasi, mwenye ulemavu wa mguu wa kulia kama inavyoeleza taarifa ya daktari iliyoambatishwa. Naomba msamaha wa ushuru wa forodha kwa gari moja lililotajwa kwenye profoma, lenye pedali ya mafuta upande wa kushoto, kwa matumizi yangu binafsi, kwa mujibu wa Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Sijawahi kupata msamaha wa aina hii.

Kisha orodha ya viambatisho, sahihi, namba ya simu. Usijaze kurasa mbili za historia ya mateso. Mateso ni ya kweli, lakini karatasi ya daktari imeshayasema.

Bandarini

Sisi watu wa kusini tunayo bandari yetu, ila magari mengi yaliyotumika kutoka Japani yanashushwa Dar es Salaam, kwa hiyo utahitaji wakala wa forodha huko. Mchague mwenye leseni na umuulize kama amewahi kutoa gari la msamaha. Mpe barua ya kibali cha msamaha, ile TRA watakayokujibu nayo, kabla hajawasilisha nyaraka za gari kwenye mfumo wa forodha. Wakala akiwasilisha bila kibali, ushuru unakokotolewa kama wa mtu yeyote, na wakati mnahangaika kurekebisha, gharama za kuhifadhi gari bandarini zinahesabu siku. Ndiyo maana nasema kibali kitangulie meli.

Kama unachohitaji ni kiti mwendo, hata cha mota, huna haja ya safari yote hii: kwenye ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki viti hivyo viko kifungu 8713, na ushuru wake wa forodha ni asilimia 0.

Gari likishafika nyumbani, kibali halisi kikae kabatini na nakala ikae ndani ya gari. Shemeji au rafiki atakuja na pesa taslimu akilitaka. Ukimuuzia, au ukiligeuza teksi, ule ushuru uliosamehewa unadaiwa. Zungumza na TRA kwanza, kwa maandishi, kabla hujapokea hata senti ya kishika uchumba.