Somo: Boti na mashine za kutokea nje ya mwamba, Mtwara hadi Kilwa

Wadau, kila maleleji yakiingia swali ni lile lile: "Fundi, nina hela ya mashine ya boti, nichukue ya nguvu za farasi ngapi?" Mashine inakuja baadaye sana. Kabla yake kuna bahari unayoiendea, kuna mzigo na kuna chombo chenyewe. Nakwenda hatua kwa hatua, mwenye swali aliweke chini.

Hatua ya 1: Taja unakokwenda, na msimu

Kuvulia ndani ya Ghuba ya Lindi au Mikindani ni jambo moja, kuvuka mwamba ni jingine. Ukitoka Msimbati au Msanga Mkuu, ukishapita mwamba kina kinaporomoka mara moja, na kamba ya nanga uliyozoea haigusi chini. Upande wa Kilwa una visiwa na mafungu ya Songosongo ya kujikinga, lakini huko inabidi uyajue mafungu yenyewe, maana chombo kinapasuka hata bahari ikiwa shwari.

Kaskazi, Desemba hadi Machi, wengi wanamudu. Kusi ndiyo inayopima chombo, kuanzia Aprili hadi Septemba, na Juni na Julai ndiyo kali zaidi. Kumbuka pia kwamba mkondo wa bahari kubwa pwani yetu unaelekea kaskazini, na kusi inauongezea mbio. Mashine ikizima nje ya Mtwara mwezi wa Julai, utasukumwa upande wa Lindi na Kilwa huku unapaona kwenu.

Pabaya kuliko pote ni mlangoni, pale mwamba unapoacha njia ya kutokea. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yakipwa yanatoka kwa nguvu na kukutana uso kwa uso na upepo wa kusi. Hapo mawimbi yanasimama, mafupi, yamekaribiana. Omo, yaani mbele ya chombo, haijainuka kutoka la kwanza, la pili limeshafika. Nunua chombo kitakachovuka hapo kikiwa na samaki na barafu ndani. Wanaonunua kwa kukijaribu asubuhi, kikiwa kitupu, na maji mafu yasiyojaa wala kupwa sana, wanajuta msimu wa kwanza tu.

Hatua ya 2: Chagua chombo kwa mzigo

Mtumbwi wa mwembe ni wa ndani. Ngalawa ni hodari kwa tanga, lakini haikuundwa kubeba mashine nzito nyuma. Ukiamua kwenda nje kweli, unabaki na dau au mashua ya mbao, au boti ya faiba.

Faiba ya tumbo bapa ni rahisi, nyepesi, inapanda ufukweni bila shida na haili petroli sana. Ila kwenye wimbi fupi inapiga, na mabaharia wanarudi viuno vimekufa. Yenye tumbo la V inalikata wimbi, ila inataka nguvu zaidi na inazama kidogo zaidi, jambo linalosumbua maji yakipwa. Kwa Mtwara ningechukua V ya wastani, futi 23 hadi 28, yenye omo ya juu. Kwa Somanga na Kilwa, kwenye mafungu mengi, tumbo bapa bado lina nafasi yake.

Kabla hujalipa, fanya jaribio hili. Jaza maji madumu ya lita 20. Kila moja ni kilo 20. Madumu 20 ni kilo 400, yaani kasha la barafu na mavuno ya usiku mzuri. Yapange ndani, ingiza watu kama idadi ya mabaharia wako na nyavu zako, halafu shuka majini upime kimo cha ubavu kutoka usawa wa maji. Tezini, yaani nyuma, ndiko kwa kutazama. Ikiwa maji yamekaribia ubao wa mashine, ule wa nyuma inapofungwa mashine, chombo kikiwa kimetulia, wimbi moja la nyuma litaingia, na hilo likishaingia la pili halina kizuizi.

Hatua ya 3: Kagua kwa mkono, rangi mpya inadanganya

Kwa faiba, gonga mwili mzima kwa sarafu. Mlio mkavu ni mzuri; ukisikia mlio mzito, uliofifia, hapo tabaka zimeachana au kuna maji ndani. Kisha nenda kwenye ubao wa mashine. Mashine ikiwa imefungwa, shika mguu wake chini, sukuma na vuta kwa nguvu, na mwenzako akodolee macho pembe mbili za ubao kwa ndani. Ukicheza, au ukiona nyufa nyembamba kama nywele zinafunguka na kufunga, mbao iliyofunikwa na faiba imeoza. Inatengenezeka, lakini bei ishuke kwanza. Uliza pia kama chini ya sakafu kuna povu la kuelea, na toboa tundu dogo uone kama ni kavu. Povu lililonyonya maji ni mzigo unaoubeba kila siku bila kuuza.

Kwa mbao, chukua kisu. Choma ubao wa kwanza kandokando ya mkuku, ule uti wa chini ya chombo, na pale mataruma, yaani mbavu zake, yanapokalia. Misumari inayolia kutu inasema mengi kuliko muuzaji. Kalafati, ile pamba ya kuziba nafasi za mbao, ikiwa mpya sehemu moja tu, uliza pale palikuwa na nini.

Hatua ya 4: Sasa njoo kwenye mashine

Hapa ndipo hela nyingi zinapotea. Dau la mbao lenye mkuku linayapasua maji, halipandi juu yake. Kikomo cha mwendo wake kinategemea urefu wake majini: chukua mzizi wa pili wa futi, zidisha kwa 1.34, unapata noti, yaani maili za bahari kwa saa. Dau la futi 25, mzizi ni 5, jibu ni noti 6.7, kama kilometa 12 kwa saa. La futi 36 linafika noti 8. Mashine ya nguvu za farasi 15 yenye propela sahihi inalisogeza dau la futi 25 karibu na kikomo hicho siku ya shwari. Ukifunga ya 40 tezi inazama, omo inanyanyuka, nyuma maji yanachimbika shimo, petroli inakwisha, na mwendo umeongezeka kiduchu. Nahodha atakwambia "inavuta sana". Inavuta hela.

Faiba nyepesi ni habari nyingine, hiyo inaweza kupanda juu ya maji. Futi 23 na watu wanne, ya 40 inaipandisha. Ukiongeza barafu na samaki haipandi tena, na unarudi kwa mwendo wa dau huku ukilipia mafuta ya boti. Ukitaka ipande na mzigo kamili, nenda 60 au zaidi, na hakikisha ubao wa mashine umejengwa kwa hiyo.

Mguu wa mashine: mfupi ni inchi 15, mrefu inchi 20. Pima kutoka juu ya ubao wa mashine hadi chini ya chombo. Bapa lililo juu ya propela likae usawa wa chini ya chombo au chini yake kidogo. Likiwa juu, propela inakula hewa kila wimbi likipita.

Propela ya kuvulia iwe ya hatua fupi, yaani umbali inaosogea kwa mzunguko mmoja. Angalia kijitabu, mashine nyingi za 40 za kuchanganya oili zinataka mizunguko 4,500 hadi 5,500 kwa dakika gesi ikiwa wazi yote. Ukiwa na mzigo kamili na haifiki, punguza hatua kwa inchi moja au mbili. Kuiacha ijikaze ndiko kunakoua pistoni.

Hatua ya 5: Mashine ya pili

Watu wanapenda picha ya mashine mbili za 40 zimekaa nyuma sambamba. Kwa mvuvi wa kawaida wa kwetu siafiki. Ni kilo 140 na zaidi tezini, mafuta maradufu, na kama zote mbili zinanyonya tangi moja, huna akiba yoyote: petroli yenye maji itazizima zote ndani ya dakika chache. Afadhali moja kubwa ya kazi na ya 15 ya kurudia nyumbani, yenye tangi lake, mpira wake wa mafuta na chujio lake. Uiwashe kila wiki, uende nayo hata nusu saa. Mashine ya akiba iliyokaa miezi bila kuwashwa ni chuma tu.

Mwenye dau asiachane na tanga. Tanga dogo na foromali yake, ule mti wa kulifungia, vinakaa pembeni bila kula kitu, na kusi ikivuma vitakurudisha nchi kavu, hata kama si bandari uliyotokea.

Hatua ya 6: Mafuta

Hesabu ni theluthi tatu: ya kwenda, ya kurudi, ya akiba. Ya 40 ya kuchanganya oili, gesi yote, inakula kama lita 18 hadi 20 kwa saa. Ya 15, lita 7 hadi 8. Mfano: dau la noti 6, sehemu ya kuvulia maili 12 za bahari, ni saa 2 kwenda. Kwa lita 6 kwa saa ni 12 kwenda, 12 kurudi, 12 akiba: lita 36. Akiba haivuliwi nayo.

Petroli ya madumu ichuje. Chota kidogo kutoka chini ya dumu, tia kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa, iache itulie. Maji yanakaa chini, utaona mstari. Oili ni 1 kwa 50, yaani mililita 20 kwa kila lita, na mashine mpya inataka zaidi kipindi cha kuizoeza, kijitabu kinaeleza.

Karatasi kwa ufupi: leseni ya uvuvi na ya chombo anzia halmashauri kwa afisa uvuvi, usalama wa chombo ni TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli. Ukivua nje ya maili 12, hayo ni maji ya Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu. Na taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zisikilizwe. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 hakikuwa na cha V wala bapa.

MASWALI YA WADAU

Swali (Kilwa Kivinje): Fundi, mashine ya mapigo mawili (ya kuchanganya oili) au mapigo manne? Wanasema manne hayali mafuta.

Ni kweli yanakula kidogo. Ya 40 ya mapigo manne ni kama lita 15 gesi yote. Lakini ina uzito karibu kilo 100, wakati ya mapigo mawili ni 70 na ushei, na ikisumbua inataka fundi anayeijua na vipuri vyake. Ukiwa na fundi huyo Kivinje au Masoko na unatoka kila siku, mapigo manne yatajilipa. Ukiwa kisiwani, chukua ile ambayo plagi na kabureta utavifungua mwenyewe.

Swali (Sudi): Shikamoo mzee. Nina mashua ya futi 32 ya mbao. Je, dizeli ya ndani?

Marahaba. Kwa chombo hicho, dizeli ndiyo ningeifikiria kwanza. Mwendo hauhitaji, unahitaji kusukuma mzigo saa nyingi kwa mafuta kidogo. Lakini shafti inapita mwilini, lazima fundi wa chombo na fundi wa mashine wakae pamoja wapange msingi wake kwenye mataruma kabla ya kutoboa. Na propela inakaa chini ya chombo moja kwa moja, huwezi kuinyanyua kama ya nyuma. Angalia gati unayotumia maji yakipwa.

Swali (Mtwara mjini): Kikundi chetu kinasubiri boti ya mkopo wa serikali. Siku ya kukabidhiwa tuangalie nini?

Fanyeni jaribio la madumu kabla ya kusaini. Ombeni kijitabu cha mashine, propela ya akiba, vipuri vya pampu ya maji, na jina la fundi wa kuwahudumia aliye ndani ya mkoa. Halafu kaeni kikao muandike nani analipia matengenezo kila mwezi. Nimeona boti nzima imelala ufukweni kwa sababu ya mpira wa pampu ambao kila mwanachama alidhani mwenzake ataununua.

Swali (Mchinga): Kaka, mimi ni mama wa samaki, boti ni yangu lakini siendi baharini. Nahodha anadai lita 60 kila safari kwa mashine ya 15. Ananipiga?

Dada, usimshike kwa maneno, pima. Siku ya shwari jazeni tangi hadi alama, nenda naye au mtume kijana wako, waende saa moja kwa gesi wanayotumia siku zote, wakiwa na mzigo. Wakirudi jazeni tena kwa chupa ya lita moja moja hadi alama ile ile. Ukipata 6 au 7, mpigie hesabu ya saa anazokwenda. Lita 60 ni kama saa 8 za gesi yote. Inawezekana kama anafuata nguru mbali au anakokota mshipi, basi akuoneshe nguru. Ikizidi 8 kwa saa, kabla ya kumlaumu mwambie fundi atazame plagi, kabureta na propela.

Swali (Mchinga, huyo huyo): Na amesema juzi mashine "haikojoi" lakini inakwenda. Niiache iende?

Hapana, isitoke hata kesho. Ule uzi wa maji unaotoka pembeni ndio dalili kwamba pampu inapoza mashine. Kwanza achomeke waya mwembamba kwenye tundu, mara nyingi ni mchanga au chumvi tu. Usipotoka, impela, ule mpira unaozunguka ndani ya pampu, imekufa, ibadilishwe leo, ni kipuri cha bei ndogo. Na kuanzia sasa, kila jioni mguu wa mashine utumbukizwe kwenye pipa la maji baridi, yasiyo na chumvi, na iwashwe dakika 5 au 10. Pipa ulinunue wewe, maana ukimwachia yeye litageuka la kuwekea barafu.